Umeme wa Betri Hutokana na Zinki Inayolika

Wasikilizaji, betri ya kawaida ya tochi haikujazwa umeme kiwandani. Huuzalisha yenyewe, pale tunapowasha. Kopo lake la zinki huachia elektroni, ambazo hupita kwenye balbu hadi kwenye dioksidi ya manganizi inayozunguka kijiti cha kaboni. Ndani, uji mzito wenye chumvi hukamilisha mzunguko. Hupatikana volti 1.5 hivi, na gharama yake ni zinki inayolika.

Kuianika betri juani huirefushia maisha kidogo tu. Zinki iliyolika hairudi. Kopo likitoboka, kemikali huvuja na kuharibu redio. Basi tuitoe mapema, tusiichome moto, watoto wasiichezee. Na halmashauri zetu ziweke vituo vya kukusanyia betri zilizokwisha: mashambani na visimani si mahali pake.