Apolo na Jembe Lake

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kabazi



Leo tunataka tuzungumze habari za mtu mmoja tu, Apolo Kivebulaya. Alikuwa Mganda, Mwafrika kama sisi. Alibatizwa mwaka 1895 akiwa mtu mzima, na mwaka ule ule akatumwa Toro kuwa mwalimu wa dini. Mwaka 1896 akavuka mto Semliki mpaka Mboga, ambayo leo iko Kongo, karibu na ule msitu mkubwa.

Sasa sikilizeni. Walimu wawili walikuwa wametangulia kule. Chifu Tabaro hakuwataka. Walinyimwa chakula, na njaa ikawarudisha. Apolo naye alifanyaje? Alikwenda na jembe. Alilima mwenyewe, akala jasho lake, na huku akifundisha watu kusoma na kulijua Neno la Mungu. Mtu mwenye shamba lake hafukuzwi kwa njaa! Ninyi wa mahindi na viazi hamhitaji kufafanuliwa hilo.

Lakini jaribu kubwa lilikuwa bado. Dada yake chifu alianguka, akachomwa na mkuki, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo alisingiziwa kwamba ameua. Akafungwa minyororo, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani. Baadaye alisimulia kwamba katika siku za mateso yake alimwona Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo asiogope.

Alipofunguliwa angeweza kwenda zake nyumbani Buganda. Nani angemlaumu? Yeye alirudi Mboga, kwa wale wale waliomsingizia. Na mwishowe Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Ndugu, kwa nini tunasimulia haya hapa Kabazi? Ni kwa sababu sisi wa Bonde la Ufa tunajua maana ya kufukuzwa. Mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa 2008, majirani walifukuzana, nyumba zikachomwa. Wako waliorudi na kulima kando ya mtu ambaye hawajazungumza naye mpaka leo. Wanasalimiana kwa mkono tu, moyo uko mbali.

Na katika vikundi je? Pesa za mzunguko zikipungua, kabla ya kitabu kufunguliwa jina la mtu limeshafika sokoni. Mama wa watu anaona aibu, anaacha kikundi. Kesho hesabu inapatikana, lakini hakuna anayemfuata nyumbani kumwambia, "Mama, tulikukosea." Hapo kikundi kimepoteza mtu, si shilingi.

Basi tujifunze mambo mawili. Kwanza, aliyesingiziwa ajue Bwana alikuwa naye hata gerezani, na asione kurudi ni unyonge. Apolo hakurudi kwa kuwa Mboga walikuwa wema, alirudi kwa sababu ya yule aliyemtuma. Pili, aliyesingizia mwenziwe hadharani aombe msamaha hadharani, asije usiku kwa mlango wa nyuma. Na kama kweli mtu amekula pesa za kikundi, alipe. Kusamehe hakufuti kitabu cha hesabu.

Apolo alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, ambako kazi ilikuwa haijaisha, wala si upande wa kwao Buganda. Hatusemi tumwombe Apolo, la. Tunasema imani yake itutie nguvu, maana alikuwa mtu mwenye jembe kama sisi.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Someni Mathayo 5:23-24. Je, yuko mwenzetu aliyeacha kikundi kwa kusingiziwa?
2. Nani atakwenda kwake wiki hii, na atamwambia nini?
3. Kitabu cha hesabu kisomwe mbele ya wote mara ngapi, ili pasiwe na nafasi ya fitina?

Mungu awabariki, na jembe lenu lisilale.