Tuanzie Kiti cha Nyuma: Kuchagua Gari la Safari Ndefu ya Nchi Kavu Pamoja na Watoto

Mada iliyowasilishwa katika warsha ya familia za wasafiri na mafundi wa magari, Arusha

1.0 Utangulizi



Niliendesha magari ya watalii kwa miaka mingi kabla sijawachukua mke wangu na watoto wetu wawili tukaenda kwa gari hadi Cape Town na kurudi. Miaka yote hiyo watu waliniuliza swali lilelile kuhusu safari ndefu: gari gani? Walitaka habari za injini, za kina cha mto linaoweza kuvuka, za tairi. Hakuna aliyeniuliza mtoto atakaa wapi. Mimi mwenyewe sikujiuliza, na nililipa gharama ya kutojiuliza.

Hoja ninayoileta mbele yenu ni hii: familia inayokusudia kuishi barabarani kwa miezi au miaka ianze kulichagua gari kwenye kiti cha nyuma. Kisha iangalie mahali pa kulala, kisha uzito, ndipo ifike kwenye injini na karatasi. Ukianza na injini utanunua gari la dereva, na watoto utawapachika panapobaki.

2.0 Yaliyotupata kati ya Nakonde na Mpika

Gari letu lilikuwa Land Cruiser mkonga, lile lenye mabenchi mawili nyuma yanayotazamana. Nililipenda sana. Kijana wetu alikuwa na miaka minane, binti mitano. Tukiwa Zambia, kati ya Nakonde na Mpika, mbuzi alikatiza barabara. Sikuwa na kasi, labda kilomita 60 kwa saa. Nilikanyaga breki, mbuzi akapita salama. Binti yangu, aliyekuwa amekaa kiubavu bila mkanda, aliteleza benchi zima hadi mbele, kidevu kikagonga kona ya sanduku la spana. Nilipogeuka, kaka yake alikuwa amemshika kidevu kwa viganja viwili, damu inapita katikati ya vidole, na wote wawili wako kimya. Alishonwa nyuzi tatu. Kosa lilikuwa langu, na nalisema hapa ili lisirudiwe na mwingine.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Dereva ana usukani wa kushikilia, ana mkanda, na analiona shimo kabla halijafika. Aliye nyuma hana hata kimoja kati ya hivyo, ndiyo maana mateso yake huonekana mepesi kwa aliye mbele.

3.0 Kiti

Kila mtoto awe na kiti chake chenye mkanda wa pointi tatu, ule unaopita begani na kiunoni, ambao Nils Bohlin wa Volvo aliubuni mwaka 1959. Mkanda wa kiunoni peke yake hulibana tumbo la mtoto gari linaposimama ghafla na kuacha kifua na kichwa virushwe mbele. Mtoto mchanga atazame nyuma: Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa inataka hivyo hadi atimize angalau miezi 15, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Benchi la pembeni halifai kufungiwa kiti cha mtoto hata kidogo.

Ndugu mafundi, hapa nawaomba msikilize kwa makini. Kiti kipya kikifungwa kwenye bati la sakafu kwa bolti na washa tu, kinaonekana imara ukikitikisa kwa mkono. Gari likigonga kitu, bolti hupita kwenye bati kama kidole kwenye karatasi iliyolowa. Weka sahani nene ya chuma chini ya sakafu, na inapowezekana mkanda ushikwe na sehemu inayobeba nguvu ya bodi au chesi. Mzazi alale chini ya gari aione kazi hiyo kabla ya kulipa.

Halafu kuna dirisha. Kaa nyuma, jishushe mpaka macho yako yafike usawa wa macho ya mtoto. Ukiona mlango na tairi la akiba peke yake, mtoto huyo atatapika kila penye kona, kwa sababu sikio la ndani linahisi mwendo huku macho yakiona kitu kilichotulia. Kumwinua mtoto sentimita kumi kwa kiti chake kunaweza kuokoa siku nzima.

Sisi wa Arusha tuna hazina hapa nyumbani. Zile Land Cruiser zinazokatwa na kurefushwa kwa ajili ya watalii zina viti vinavyotazama mbele na madirisha makubwa, na kila abiria anaona nje. Ukinunua iliyotumika, kagua mahali chesi ilipoungwa. Tafuta ufa, kutu na rangi mpya iliyopakwa kuficha.

4.0 Usiku na siku ya mvua

Hema la juu ya paa linawafaa watu wazima wawili. Kwa mtoto wa miaka minne anayetaka kukojoa saa nane za usiku, maana yake ni ngazi, giza, na mzazi anayeshuka na tochi mdomoni. Kambi nyingi za hifadhini hazina uzio, na fisi hawaheshimu ratiba ya choo. Nashauri gari ambalo unaweza kutoka kiti cha dereva ukafika kitandani bila kufungua mlango wa nje.

Kipimo kizuri ni siku ya mvua. Fikiri mvua ya tangu asubuhi hadi jioni, matope kila upande, na mtoto mmoja ana homa. Je, mgonjwa ana pa kulala huku mwenzake anafanya hesabu zake mezani? Mtoto aliyelala kitandani gari likiwa linatembea hana mkanda, kwa hiyo akiugua, safari isimame, na gari ligeuke chumba cha mgonjwa. Gari lisiloweza kuwa chumba halitoshi, hata kama linapanda kila mlima. Jiko la gesi nalo lisiwashwe ndani madirisha yakiwa yamefungwa, kwa sababu moshi wake una sumu isiyo na harufu.

5.0 Uzito

Kila gari lina uzito wa mwisho unaoruhusiwa, na familia nyingi huupita bila kujua. Tufanye hesabu ya watu wanne. Maji, lita tano kwa kila mtu kila siku, kwa siku nne, ni kilo 80. Dizeli lita 150 ni takriban kilo 126. Watu wenyewe, tuseme kilo 210. Matairi mawili ya akiba pamoja na rimu, kilo 70. Hema la paani, 60. Spana na spea, 50. Tumeshafika karibu kilo 600, na bado hatujapakia chakula, godoro, nguo, betri ya pili na vitabu vya shule.

Uzito uliozidi huchosha springi na kurefusha umbali wa kusimama kwa breki. Ukiwa juu kwenye keria, hulifanya gari lielekee kupinduka penye kona. Maji na spea vikae chini, kati ya ekseli mbili. Kabla ya kuondoka, jaza kila kitu, panda na watoto, lipeleke gari kwenye mizani.

6.0 Injini, spea na mafuta

Hapa ndipo wengi wangependa tuanzie. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zipo tangu 1984, na injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita na isiyo na tabo, inajulikana kwa kila fundi kuanzia hapa hadi Lubumbashi. Ni nzito, ina mwendo wa taratibu na inakunywa mafuta, lakini pampu yake haihitaji kompyuta. Kinachosahaulika ni kwamba Coaster nyingi za miaka ya 1990 zina injini hiyohiyo. Basi dogo tunalopanda kila siku linaweza kuwa nyumba ya familia yenye kimo cha kutembea ndani na meza ya kudumu. Australia na New Zealand familia nyingi zimeligeuza hivyo. Haliingii kwenye matope mazito, lakini sehemu kubwa ya safari na watoto hupita kwenye lami na changarawe nzuri, kwa kuwa watoto hawavumilii saa nane za kurushwarushwa.

Magari mapya ya kiwango cha Euro 6 yana chujio la masizi linalotaka dizeli yenye salfa ndogo sana, isiyozidi sehemu 10 kwa milioni kwa viwango vya Ulaya. Mwaka 2015 Afrika Mashariki iliweka kiwango cha 50, na ukitoka nje ya miji mikuu ya bara hili hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Kinyume chake, dizeli ya zamani inayopeta kwetu inazuiliwa au kutozwa ada katika miji ya Ulaya. London ilianza utaratibu wake mwaka 2019 na kuueneza mji mzima Agosti 2023. Hakuna gari linalofaa kila mahali, kwa hiyo amua kwanza utatumia miezi mingi wapi.

Kuhusu gari rahisi tuna mfano: familia ya Zapp ya Argentina ilitoka Buenos Aires Januari 2000 kwa gari aina ya Graham-Paige la mwaka 1928 na kurudi mwaka 2022, baada ya kilomita takriban 362,000. Watoto wao wanne walizaliwa njiani, Marekani, Argentina, Kanada na Australia, na gari lilibidi likatwe lirefushwe wapate nafasi. Kutoka kwao najifunza kwamba chuma rahisi kinachotengenezeka popote kinafika mbali, na kwamba ukarimu wa wenyeji waliowalaza ulikuwa na uzito zaidi kuliko injini. Ila gari lililoundwa miaka zaidi ya thelathini kabla ya mkanda wa Bohlin silipendekezi kwa mtoto wa mtu.

7.0 Mipaka na meli

Namba za chesi na injini huandikwa kwenye hati ya forodha iitwayo Carnet de Passages, inayolidhamini gari liingie nchi na kutoka bila kulipiwa ushuru. Injini iliyobadilishwa na kadi ya gari ikabaki na namba ya zamani itawaweka watoto juani mpakani siku nzima. Sahihisha kadi ukiwa nyumbani.

Gari la usukani wa kulia likiingia Rwanda, Burundi au Kongo, mtu wa kiti cha mbele kushoto ndiye jicho la dereva wakati wa kulipita lori. Kama kila siku mama au baba analazimika kuhamia nyuma kumtuliza mtoto, jicho hilo halipo. Panga viti ili watoto wafikiwe kwa mkono kutoka mbele.

Atakayezunguka Amerika akumbuke pengo la Darién, takriban kilomita 100 zisizo na barabara kati ya Panama na Kolombia. Gari huvushwa kwa meli. Mlango wa kontena la kawaida una kimo cha mita 2.28 hivi, na paa lililoinuliwa halipiti. Lile lisiloingia kontena hupanda meli ya magari, na mara nyingi ufunguo unauacha mikononi mwa wengine.

8.0 Mapendekezo

Kwanza, mafundi wetu wa bodi wakubaliane namna moja ya kufunga viti na mikanda, na wamwonyeshe mteja kazi iliyo chini ya sakafu.

Pili, familia ya watoto wawili ipime Land Cruiser iliyorefushwa na Coaster kwa pamoja, isiitupe Coaster kwa sababu ya sifa yake ya basi la kila siku.

Tatu, kabla ya safari ya mwaka, familia iishi ndani ya gari wiki mbili karibu na nyumbani, wakati wa masika.

9.0 Hitimisho

Tulipofika Mpika tuliyang'oa yale mabenchi. Fundi wa kando ya barabara alitufungia viti viwili vinavyotazama mbele, juu ya vipande vya chesi ya lori bovu. Kazi ilichukua siku mbili, na miezi yote iliyobaki binti yangu alikaa hapo akihesabu nguzo za umeme. Kovu la kidevuni analo hadi leo.

Kwa hiyo ukienda kuliona gari, mwachie muuzaji usukani. Wewe kaa nyuma, mwombe akupeleke saa nzima kwenye barabara mbovu. Ukishuka, ndipo uulize bei.