Maarifa Yasiyogawika: Mzunguko wa Wakati katika Filamu ya Edge of Tomorrow

Filamu ya Edge of Tomorrow, iliyoongozwa na Doug Liman na kuanza kuonyeshwa mwaka 2014, imetokana na riwaya ya Mjapani Hiroshi Sakurazaka iliyotoka mwaka 2004, nayo kwa juu juu ni hadithi ya vita baina ya wanadamu na wavamizi kutoka nje ya dunia waitwao Mimics, ambao wamekwisha kuitwaa sehemu kubwa ya Ulaya. Mhadhara huu unashikilia kwamba uzito wa filamu haumo katika vita hivyo, bali katika upweke wa mtu anayejua yale ambayo wenziwe hawana njia ya kuyajua.

Meja William Cage, anayeigizwa na Tom Cruise, ni afisa wa habari asiyewahi kupigana. Anapokataa kwenda mstari wa mbele anavuliwa cheo, anapelekwa katika kambi iliyopo uwanja wa ndege wa Heathrow, na kesho yake anashushwa pwani ya Normandy, ambako anakufa huku damu ya mvamizi wa aina adimu, Alpha, ikimmwagikia. Tangu hapo anaingia katika mzunguko wa wakati, yaani kila afapo siku huanza upya, naye hukumbuka yote yaliyopita. Uwezo huo asili yake ni wa wavamizi wenyewe, kwa kuwa kiini chao, Omega, huirudisha siku nyuma kila Alpha anapouawa, na hivyo huzijua hila za adui kabla hazijatumika.

Ufundi mkubwa zaidi umo katika uhariri, ambao ni kazi ya kukata na kuunganisha vipande vya picha. Mwanzoni mtazamaji huzipitia siku pamoja na Cage, lakini kadiri hadithi inavyoendelea marudio mengi hufichwa, hata mtazamaji asiweze tena kujua ni siku zipi amezishuhudia na zipi amenyimwa. Jambo hili hufikia kilele katika nyumba ya shambani nchini Ufaransa, pale Cage anapomwandalia kahawa Rita Vrataski, askari shupavu anayeigizwa na Emily Blunt, na kutia vijiko vitatu vya sukari bila kuuliza. Rita, ambaye aliwahi kuwa na uwezo huohuo akaupoteza alipoongezewa damu, anang'amua mara moja kwamba wamekwisha kufika hapo mara nyingi, na Cage analazimika kukiri kwamba kila wakijaribu kuondoka kwa helikopta iliyopo, yeye Rita hufa. Kwa Cage, Rita ni mwandani wa siku nyingi. Kwa Rita, Cage ni mtu aliyekutana naye siku hiyohiyo. Filamu chache za mapigano zimethubutu kusimamisha mbio zake kwa ajili ya huzuni ya namna hii, na hapa ndipo kazi ya Liman inapostahili heshima ya kweli.

Mwisho wa filamu, hata hivyo, unaidhoofisha. Baada ya Omega kuangamizwa chini ya jumba la makumbusho la Louvre, Cage anaamka siku iliyotangulia zile zote alizozirudia, wenzake wakiwa hai, ilhali Omega anabaki amekufa. Filamu inavunja sheria iliyojiwekea yenyewe ili kufuta kila hasara, na hadithi iliyomfunza mtazamaji kwamba kujua kuna gharama inamalizika bila gharama hiyo kulipwa.