Gari Linakunywa, Fundi Anabahatisha

Ndugu msikilizaji, kuna maradhi mawili ya gari la zamani ambayo wenye magari wa mjini huyalalamikia kila siku. La kwanza ni kuzubaa: unakanyaga mafuta, gari linafikiri kwanza, linakohoa, ndipo linakwenda. La pili ni ulevi: umejaza tangi juzi, leo taa ya mafuta inawaka tena. Nataka tuyazungumze kwa pamoja, kwa sababu aghalabu ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili, na kwa sababu fedha zinazopotea gerejini katika kuutibu zinanikera kuliko hata petroli yenyewe.

Nina jirani yangu hapa Dar es Salaam, dereva wa teksi. Gari si lake. Kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, na mafuta ni juu yake. Ni Corolla ya mwaka 1997, yenye injini ya 5A, ile ya sentimita za ujazo 1,498. Lilipoanza kuzubaa na kunywa, fundi wa kwanza alibadilisha pampu ya mafuta. Wa pili akatoa nozeli zote nne akaweka nyingine za mtumba. Wa tatu hakutaka maneno mengi: injini imechoka, tajiri anunue nyingine au auze gari. Tajiri akaanza kuulizia wateja, na jirani yangu akaanza kuwaza atakavyokaa kijiweni bila usukani. Katika mafundi wote watatu, hakuna hata mmoja aliyepima kitu chochote.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Fundi wetu ana mikono mizuri. Atafungua na kufunga injini chini ya mwembe kwa spana chache tu. Lakini akiulizwa ugonjwa, wengi wao hujibu kwa kutaja spea. Nao mgonjwa ndiye anayelipia majaribio.

Nilimwomba jirani jambo moja kabla hata ya kufungua boneti: tujue gari linakunywa kiasi gani. Watu wengi hupima kwa fedha, kwamba elfu kumi siku hizi haifiki jioni. Fedha si kipimo, maana bei ya petroli hupanda na kushuka. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilometa zilizopo kwenye dashibodi, endesha kwa siku mbili tatu kama kawaida yako, kisha rudi kwenye pampu ile ile ujaze tena. Gawanya kilometa ulizokwenda kwa lita ulizoongeza. Kwake ilikuwa kilometa 240 kwa lita 30, yaani kilometa 8 kwa lita. Kwa gari dogo namna ile, hata na foleni zetu, ni ulevi. Basi ugonjwa ulikuwapo kweli. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuona gari lililoshitakiwa bure, kumbe mwenyewe alihamia Mbagala na safari ya kazini imekuwa ndefu mara mbili.

Baada ya hapo, fungua plagi. Daktari humwambia mgonjwa atoe ulimi. Plagi ndiyo ulimi wa injini. Ikiwa ncha yake ina rangi ya hudhurungi hafifu, uchomaji ni mzuri. Ikiwa nyeusi kwa masizi makavu yanayofutika kwa kidole, petroli ni nyingi kuliko hewa, au cheche ni dhaifu na petroli haiungui yote. Ikiwa nyeupe kama chaki, petroli ni kidogo au kuna mahali hewa inaingia kwa wizi. Ikiwa imelowa oili, hapo ndipo uanze kuwaza ringi na sili za valvu.

Ona jinsi jambo hili dogo linavyookoa fedha. Gari linalozubaa huku plagi ni nyeupe lina njaa: tazama chujio la petroli, tazama nguvu ya pampu, tazama mipira iliyopasuka. Gari linalozubaa huku plagi ni nyeusi limevimbiwa, na pampu mpya haitalisaidia kitu. Plagi za jirani yangu zilikuwa nyeusi zote nne kama kisogo cha sufuria. Fundi wa kwanza angetazama hilo kwa dakika kumi tu, asingegusa pampu.

Swali likawa: nani analishindilia petroli? Magari ya namna hii hayana kabureta. Yana kompyuta inayoamua nozeli zifunguke kwa muda gani, nayo inategemea habari inazoletewa na sensa (siyo sensa ya watu, hii ni ya injini). Inataka kilo 14.7 hivi za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, isipokuwa injini inapokuwa ya baridi au inapobeba mzigo mkubwa. Hapo huongeza petroli kwa makusudi. Kwa hiyo ukiidanganya kompyuta kwamba injini ni ya baridi, au kwamba inapanda mlima wakati imesimama, itamwaga petroli kwa utiifu wote. Kompyuta haikukosea. Imedanganywa.

Na hapa mjini uongo mkubwa kuliko wote tunautengeneza wenyewe. Nazungumzia themostati.

Themostati ni kifaa kidogo kama kizibo, kinachokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa ya baridi kinaziba, ili maji yazunguke ndani na kupata moto upesi. Kwa injini nyingi za aina hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Nenda gereji yoyote ya mtaani uulize. Utaambiwa kitu hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi, Afrika tuna joto la kutosha, kitoe. Wala hawakuoni mshamba kwa kuuliza, wanakuonea huruma. Magari yaliyotolewa themostati mjini humu hayana idadi.

Ndugu msikilizaji, Dar es Salaam mchana wa Januari ni nyuzi 32 au 33, na sisi tunalia. Lakini injini inataka kufanya kazi kwenye zaidi ya 80. Kwa injini, Dar es Salaam nayo ni nchi ya baridi. Ukiitoa themostati, gari likiwa barabara kuu upepo unapiga rejeta na maji hayapati moto unaotakiwa kabisa. Sensa inaipelekea kompyuta habari kwamba injini haijachemka, nayo inaongeza petroli, asubuhi, mchana na jioni. Sehemu ya petroli hiyo isiyoungua huteremka ukutani mwa silinda na kuingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili unuse. Ukisikia harufu ya petroli, ujue oili yako imekwisha kuwa nyepesi na vyuma vinasagana. Hivyo mtu aliyetoa themostati ili kuilinda injini, anaila kidogo kidogo.

Kuna na kichekesho kingine. Katika injini nyingi themostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka humo humo bila kufika kwenye rejeta. Kwa hiyo siku ya mzigo mkubwa, gari hilo hilo lililo baridi barabarani linaweza kuchemka.

Namna ya kuitambua si ngumu. Tazama mshale wa joto kwenye dashibodi. Baada ya dakika kumi hivi za mwendo unapaswa kupanda mpaka karibu na katikati na kutulia hapo. Ukiona unapanda kwenye foleni, kisha unashuka ukishika barabara iliyo wazi, themostati haipo au imekwama wazi. Jirani yangu alikuwa anauona mshale huo kila siku akifurahi kwamba gari lake halichemki.

Hapa niongeze tahadhari moja. Katika magari hayo sensa za joto ni mbili. Yenye waya mmoja ni ya mshale wa dashibodi. Yenye waya mbili ndiyo ya kompyuta. Nimeona watu wakibadilisha ya kwanza na kushangaa gari halijapona. Ile ya kompyuta hupimwa kwa mita ya umeme ya kawaida: injini ikiwa imelala, kwenye nyuzi 20, isome omu kati ya 2,000 na 3,000, ikifika nyuzi 80 ishuke mpaka kati ya 200 na 400. Isiposhuka, yenyewe ndiyo mwongo.

Kwa jirani yangu sensa ilikuwa nzima na themostati haikuwapo. Lakini kuzubaa kule kulikuwa na sababu ya pili. Kuna mpira mwembamba, unene wa penseli, unaotoka kwenye mabomba ya hewa ya injini hadi kwenye sensa inayopima mvuto wa hewa. Ule wake ulikuwa umepasuka kwenye shingo, mahali pasipoonekana mpaka uupinde. Hewa ya nje ikiingia hapo, sensa hudhani umekanyaga mafuta mpaka chini, na petroli inamwagwa. Kipande kipya kilikatwa dukani kwa bei ndogo kuliko nauli tuliyotumia kwenda kukinunua. Tuligundua pia kwamba gurudumu moja la nyuma lilikuwa la moto kuliko mengine baada ya safari; breki imeganda. Hili, pamoja na upepo wa matairi, watu hulisahau kwa sababu haliko chini ya boneti.

Wiki iliyofuata tulipima tena: kilometa zile zile 240, lita 22, yaani karibu kilometa 11 kwa lita. Kwa mwendo wake wa kilometa 120 kwa siku, zimeokolewa lita 4 kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni lita 104 kwa mwezi. Msikilizaji, zidisha mwenyewe kwa bei ya leo. Tajiri ameacha kuulizia wateja.

Nirudi kwa wale mafundi wenye kompyuta za kupimia, maana siku hizi wameongezeka. Chombo hicho ni kizuri, lakini si mganga. Magari yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 1996, na ya petroli ya Ulaya tangu 2001, yana soketi ya namna moja ya kuchomeka. Corolla ya soko la Japani ya miaka hiyo haina. Yenyewe ina kijisanduku chini ya boneti, na ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, huku ufunguo umewashwa na injini imezimwa, taa ya injini kwenye dashibodi hukonyeza. Mara mbili, ikapumzika, kisha mara mbili, ni namba 22, sensa ya joto la maji. Mbili na moja ni 21, sensa ya oksijeni. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina malalamiko.

Lakini namba hutaja njia iliyoleta habari mbaya, haimtaji mwenye kosa. Mpira uliopasuka ukimwaga petroli, sensa ya oksijeni ndiyo itakayopiga kelele, nayo ndiyo itakayobadilishwa, tena kwa bei kubwa. Ni kumfukuza mlinzi kwa sababu amesema mwizi ameingia.

Na anayekwambia injini imekufa, mwambie apime mgandamizo wa silinda mbele yako, injini ikiwa ya moto. Kwa injini hii ya 5A, silinda zikiwa juu ya kilo 10 kwa sentimita ya mraba na hazipishani kwa zaidi ya kilo moja, bado una injini. Kipimo hicho hakichukui hata nusu saa.

Jambo la mwisho kwa wale watakaokwenda leo hii kurudisha themostati. Msiirudishe kabla ya kujua ilitolewa kwa nini. Mara nyingi ilitolewa kwa sababu gari lilichemka, na lilichemka kwa sababu rejeta imeziba kwa kutu na chumvi ya maji ya visima, au feni haiwaki. Kwanza rejeta isafishwe, feni ijaribiwe, mfuniko wa rejeta ukaguliwe mpira wake, na badala ya maji matupu iwekwe kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi. Na themostati yenyewe, kabla ya kufungwa, itumbukizwe ndani ya sufuria ya maji jikoni, mwone kwa macho yenu ikifunguka maji yanapokaribia kuchemka.