Muuguzi, kiapo na glavu

Kila mwaka tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, wauguzi husimama na mishumaa mikononi wakarudia kiapo chao. Wengi hudhani kiapo hicho kiliandikwa na mama huyo mwenyewe. Sivyo. Kilitungwa mwaka 1893 na kamati ya chuo kimoja cha wauguzi mjini Detroit, Marekani, ikiongozwa na Bibi Lystra Gretter, nacho kikapewa jina la Nightingale kwa heshima tu. Ni kiapo kizuri. Muuguzi anaahidi kutunza siri za mgonjwa, kutotoa kwa makusudi dawa yenye madhara, na kujitoa kwa ajili ya wale waliowekwa chini ya uangalizi wake. Kitu ambacho hakimo ndani ya kiapo hicho ni nani atakayenunua glavu.

Juma hili nataka tulizungumze hilo, kwa sababu tangu Korona ilipobisha hodi Afrika Mashariki mwezi Machi 2020 tumekuwa wepesi sana wa kuwaita wauguzi mashujaa na wepesi vilevile wa kuwaita wasaliti. Tuseme ni saa nane za usiku. Analetwa mgonjwa anayetapika damu, muuguzi wa zamu yuko peke yake, na boksi la glavu ni tupu. Afanye nini? Wako watakaosema: aingie, si aliapa? Wako watakaosema: akimbie, ana watoto nyumbani. Mimi nasema majibu yote mawili si sahihi, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini mwa nchi ambayo wakati ule ikiitwa Zaire, palikuwa na hospitali ya misheni yenye vitanda 120 na wafanyakazi wa tiba 17. Kila asubuhi wauguzi walikabidhiwa mabomba matano ya sindano. Matano, kwa ajili ya wodi zote, kliniki ya wajawazito na umati wa wagonjwa wa nje. Kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine sindano ilisuuzwa katika beseni la maji ya uvuguvugu, basi. Na watu wa huko, kama watu wa kwetu, walikuwa hawajaridhika kwamba wametibiwa mpaka wachomwe sindano. Ugonjwa ulioingia humo ndio ulioitwa Ebola. Katika eneo hilo watu 318 waliugua, 280 wakafa. Miongoni mwa wale wafanyakazi 17, walikufa 11.

Wauguzi wa Yambuku hawakuwa wavivu wala hawakutoroka zamu. Walifanya kazi kwa moyo mpaka hospitali ikafungwa kwa kukosa mtu wa kuifungua. Lakini kazi ile ile, iliyofanywa kwa vifaa pungufu, ndiyo iliyoueneza ugonjwa kutoka kitanda hadi kitanda na kutoka kijiji hadi kijiji. Ndiyo maana nasema muuguzi anayemvamia mgonjwa wa namna hiyo kwa mikono mitupu, hata kama anasukumwa na huruma, hamsaidii. Anamtayarishia maradhi mgonjwa wa kitanda cha pili, mama aliye chumba cha uzazi, na watoto wake mwenyewe alfajiri atakaporudi nyumbani. Wajibu wake wa kwanza wakati wa ugonjwa wa mlipuko ni kutokuwa daraja la ugonjwa.

Hata hivyo, kutomgusa mgonjwa si ruhusa ya kumtelekeza. Yapo mengi yanayowezekana kwa umbali wa hatua mbili: kumtenga na wenzake, kumsogezea maji ya kunywa kama ana nguvu ya kuyashika, kuwazuia jamaa wasimkumbatie, kusema naye kwa jina lake ili ajue hakutupwa. Na muuguzi huyo amwamshe mkubwa wake, kisha aandike katika kitabu cha ripoti: saa fulani nimepokea mgonjwa wa namna hii, glavu hakuna, nimemwarifu fulani. Mstari huo mmoja una kazi kubwa. Unauhamisha mzigo kutoka begani mwa mtu wa zamu ya usiku na kuuweka juu ya meza ya mwenye bajeti.

Waganda wana habari ya kutufundisha hapa. Mwezi Oktoba 2000, katika hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu, wanafunzi wa uuguzi walianza kufa kwa maradhi yasiyojulikana. Dakta Matthew Lukwiya alikuwa Kampala masomoni. Akaitwa, akaja, akasoma majalada usiku kucha, akashuku Ebola kabla maabara haijathibitisha. Alifungua wodi ya kutenga wagonjwa akaomba wa kujitolea. Hakumpanga mtu humo kwa amri. Wauguzi wakajitokeza, wakavalishwa, wakafundishwa, na bado wakafa mmoja baada ya mwingine.

Mwishoni mwa Novemba, baada ya kufiwa na wenzao kadhaa kwa siku chache, wauguzi walikusanyika kwa mamia wakadai hospitali ifungwe. Dakta Lukwiya hakutuma barua ya onyo wala hakumwita polisi. Alikwenda akaketi nao, akawasikiliza kwa saa nyingi, akawaambia kwamba ikifungwa yeye ataondoka Gulu asirudi tena, bali wakibaki atabaki nao. Walirudi wodini. Walimwamini kwa sababu alikuwa akiingia wodi ile ile pamoja nao. Siku chache nyuma alikuwa amekimbilia kumsaidia muuguzi mgonjwa aliyekuwa akivuja damu, akiwa amevaa kila kitu isipokuwa miwani ya kukinga macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Ugonjwa huo uliwapata Waganda 425 na kuwaua 224.

Tulinganishe na Kenya. Tarehe 7 Desemba 2020, katikati ya Korona, wauguzi waligoma. Walidai vifaa vya kujikinga, bima ya matibabu na posho ya mazingira ya hatari. Maneno waliyoambiwa mitaani yalikuwa makali, na sina haja ya kuficha kwamba mgomo wa wauguzi humuumiza kwanza maskini, maana mwenye fedha ana hospitali yake. Mgomo usioacha hata mtu mmoja wa kumwangalia mgonjwa wa dharura siutetei. Lakini na tuulize nani alianza kumwacha nani. Kanuni za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1953 na kupitiwa upya mwaka 2021, zinamtaka muuguzi athamini pia afya na utu wake mwenyewe. Muuguzi anayedai barakoa anadai chombo cha kazi, kama dereva anavyodai breki.

Liko upande wa muuguzi jambo lisilohitaji fedha za serikali, nalo ni ulimi. Tunakumbuka miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipokuwa unatisha kuliko leo, jinsi jalada lilivyowekwa alama, wauguzi wakanong'onezana, na kabla ya jioni mtaa mzima ukajua. Wapo waliokataa kupima si kwa kuogopa majibu, bali kwa kuogopa mdomo wa wodini. Siri ikivuja, wagonjwa hujificha, na ugonjwa uliojificha ndio unaosambaa. Kwa hili sina upole: muuguzi anayetangaza maradhi ya mtu sokoni amevunja kazi yake, hata kama zamu zake zote alifika mapema.

Turudi kwenye glavu, maana hapo ndipo pana udhia. Vifaa vingi hufika baada ya tangazo la waziri. Ugonjwa hufika kabla. Machi 2023, Marburg ilipotangazwa mkoani Kagera, walipatikana wagonjwa 9, wakafa 6, mmojawapo akiwa mhudumu wa afya. Januari 2025, Uganda ilipotangaza Ebola tena, mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi wa hospitali ya Mulago, mwanamume wa miaka 32, naye alikuwa ameshafariki. Muuguzi hukutana na ugonjwa ukiwa bado unaitwa homa tu, ukiwa hauna jina wala bajeti. Basi kinga yake ni ile iliyopo wodini siku ya kawaida, Jumanne isiyo na habari yoyote redioni.

Na siku za kawaida tunazijua. Katika hospitali nyingi mama mjamzito huambiwa aje na pamba yake, wembe wake na glavu zake. Wenye uwezo huzinunua katika duka la dawa lililo nje ya geti. Ina maana usalama wa muuguzi umetegemezwa kwenye pochi ya mgonjwa. Yule mama aliyefika usiku na uchungu, hana hata nauli ya kurudia, muuguzi ampokee mtoto kwa mikono ipi?