Mti, Kisima na Njia ya Pwani: Mali na Safari katika Visiwa Vidogo vya Mafia



Nimeombwa nizungumzie umiliki wa mali katika vijiji vya visiwa vidogo. Nitakaa zaidi Chole, Juani na Jibondo, kusini-mashariki mwa kisiwa kikubwa cha Mafia, kwa kuwa huko hoja yangu inaonekana waziwazi. Hoja yenyewe ni hii: kijiji cha kisiwani kikipimwa viwanja peke yake, sehemu kubwa ya mali ya watu wake inabaki nje ya daftari, na kilichobaki nje ya daftari hakina mtetezi siku anapofika mtu mwenye karatasi.

Nianze na mnazi. Kwetu mtu anaweza kumiliki minazi iliyosimama katika shamba la mwenzake. Mwenye shamba analima mihogo na kunde chini, mwenye minazi anamleta mkwezi aangue nazi, na kila mmoja anaijua haki yake. Minazi inauzwa bila ardhi, inawekwa rehani bila ardhi, inarithiwa bila ardhi. Pat Caplan, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, alilieleza jambo hili kwa kirefu: haki ya kulima porini ilifuata ukoo, kuumeni na kukeni, ilhali minazi ilikuwa mali ya mtu binafsi iliyogawanywa kwa mirathi ya Kiislamu. Katika mirathi hiyo binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Tusiidharau nusu hiyo. Bibi mwenye minazi yake mwenyewe ana tui la jikoni, ana makuti ya kuezekea, ana makumbi, na ana kitu cha kuuza mjukuu akiugua usiku. Hata bei ya mbata iliposhuka, mti ule ulibaki kumfanya awe na sauti ndani ya nyumba ya mwanawe.

Kuna sababu nyingine ya kuuheshimu mti. Mashamba makubwa ya minazi ya karne ya 19 katika visiwa hivi yalifunguliwa kwa jasho la watumwa, watu ambao wenyewe walihesabiwa kuwa mali. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, ndani ya umri wa wazazi wa wazee wetu. Katika jamii yenye historia hiyo, mti aliouotesha mtu kwa mkono wake, ukaitwa wa kwake mbele ya majirani, una uzito ambao nazi zake peke yake haziuelezi.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inapotoa maana ya ardhi inataja uso wa nchi na kilicho chini yake, isipokuwa madini na mafuta. Inataja vitu vinavyoota juu yake kwa asili. Na majengo yaliyosimikwa hapo. Mnazi wa bibi haukuota kwa asili. Mtu alichimba shimo, akaupanda, akaulinda na mbuzi mpaka ukasimama. Kwa usomaji wangu, sheria haimnyang'anyi bibi mnazi wake, ila haimtaji, na mpimaji aliyetoka mbali huandika kile anachoulizwa na fomu. Fomu inauliza mwenye kiwanja. Mwenye kiwanja anatajwa, anatia sahihi, na miti yote iliyo ndani ya mipaka inaonekana kuwa yake.

Dawa imo humuhumu katika sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo inaruhusu hati ya haki miliki ya kimila iwekewe masharti. Basi sharti liandikwe: katika shamba hili kuna minazi ya fulani, naye ana haki ya kuingia kuangua na kupita na mzigo wake. Sentensi mbili zinatosha. Sheria hiyohiyo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, na inataka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake watatu. Wanawake hao wasiitwe kupiga kura tu. Waulizwe minazi ya nani iko wapi, kwa sababu wao ndio wanaoijua.

Jambo la pili ni safari, nami naomba tulitazame kama mali. Chole ni kisiwa kidogo, unakizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali, na watu wake wengi wana mashamba Juani. Shamba hilo lina faida kwa sababu kuna mashua, kuna diko, yaani mahali pa kuipandisha, na kuna njia ya kutoka kijijini hadi majini. Anayejenga ukuta hadi pwani na kuziba diko hajachukua hatua hata moja ya ardhi ya mkulima, lakini amelichukua shamba lake lote la ng'ambo. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni. Mjamzito wa Chole hushuka pwani, huvuka hadi Utende, ndipo aikute barabara ya lami. Jibondo, kisiwa cha mawe ya matumbawe, kwa vizazi vingi kimetegemea maji ya mvua na maji yaliyopakiwa mashuani, na mafundi wake wa vyombo wanahitaji ufukwe ulio wazi wa kuundia na kukalafatia. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 2024, kila aliyekuwa na chombo aliona thamani ya mahali pa kukivuta juu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nimesikia katazo hili likitumika kumwondoa mvuvi mwenye kibanda cha makuti, huku ukuta wa mawe wa jirani yake ukiachwa. Hilo si haki, na kijiji kina wajibu wa kusema hivyo kwa maandishi. Maandishi yanahitajika vivyo hivyo kwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini na yenye eneo la kilomita za mraba 822. Christine Walley, Mmarekani aliyeishi Chole na kuandika kitabu juu ya hifadhi hiyo mwaka 2004, anaonyesha kwamba wenyeji waliiunga mkono mwanzoni kwa sababu walitaka uvuvi wa baruti ukome kwenye miamba. Waliitaka bahari ilindwe ili waendelee kuitumia. Ramani ya kijiji ambayo haionyeshi madiko, visima na njia za pwani inawaacha bila ushahidi wa matumizi hayo.

Nizungumzie wasiokuwepo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaitwika kamati inayohakiki haki za ardhi kazi ya kulinda maslahi ya wanawake, watoto, wenye ulemavu na watu wasiokuwepo. Kijiji cha kisiwani kina wasiokuwepo wengi kuliko kijiji cha bara: kijana yuko dago, kambi ya wavuvi, dada ameolewa Unguja, mjomba anauza samaki Feri, Dar es Salaam. Tangazo lililobandikwa kwenye mti wa baraza haliwafikii. Nahodha wa mashua inayokwenda Utende atawafikia, na jamaa mwenye simu atawafikia, mradi kamati iandike nani amepewa habari na nani bado.

Tarehe nazo zina maana. Siku za bamvua maji yakitoka sana, kina mama wako miambani wanatafuta pweza, na wavuvi wana pilika zao. Wakati wa kusi bahari inachafuka na wa ng'ambo hawavuki. Mkutano ukiitishwa siku hizo, wanaohudhuria ni wenye nafasi, na mipaka inachorwa na wenye nafasi. Ofisi ya ardhi ya wilaya, kabla ya kuutangaza upimaji wowote visiwani, naiomba imuulize kwanza mwenyekiti wa kijiji maji mafu, yaani siku maji yasipotoka sana, yanaangukia tarehe ngapi, na mkutano wa kuhakiki uitwe siku hizo.