Taa ya Mgeni

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mgeni alalaye nyumbani mwetu.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, twasoma habari za mama mmoja wa Shunemu. Nabii Elisha alikuwa akipita kwake mara kwa mara, na mama huyo akamshauri mumewe wamtengenezee chumba kidogo. Humo waliweka kitanda, meza, kiti na taa. Mama huyu hakungoja kuombwa. Alifikiri mapema mgeni atahitaji nini wenyeji wakiwa wamelala.

Sisi hapa Kitengela tulijifunza jambo hili kwa aibu. Katika ukame wa mwaka 2022, ng'ombe wengi walikufa Kajiado, na wafugaji wakahamisha mifugo mbali kutafuta majani. Jioni moja mzee mmoja alitufikia, amechoka sana. Tulimpa chai, ugali na nyama, tukaomba pamoja, tukamtandikia kitanda safi. Kisha tukafunga milango, tukamfungulia mbwa, tukalala tukijiona tumetenda mema.

Asubuhi tulimwuliza, "Mzee, umelalaje?"

Akajibu, "Vizuri, Mchungaji. Mungu awabariki."

Alipokwisha kuondoka, mtoto wetu akatuambia kwamba usiku alimwona mzee amesimama mlangoni gizani, akirudi ndani, akisimama tena. Choo chetu kiko nje, na mbwa alikuwa akinguruma. Mzee hakutaka kutuamsha.

Ndugu zetu, tulimshibisha mgeni, kisha tukamfunga kama mfungwa. Tena adabu yake ndiyo iliyotuficha kosa letu. Mgeni hasemi, basi mwenyeji aanze kusema.

Tangu siku ile, kabla ya sala ya jioni, sisi humwongoza mgeni mpaka chooni, wala hatumwonyeshi kwa kidole tu. Humpa tochi, maana umeme hukatika. Humwekea maji ya kunywa karibu na kitanda, na ya kuoga katika ndoo, bila kunung'unika, ingawa maji twayanunua. Blanketi la pili tunaliacha mahali atakapoliona, kwa kuwa baridi ya Julai katika nyanda hizi ni kali. Humwuliza ataondoka saa ngapi. Na mbwa hufungwa.

Wazee husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo nayo ina upendo ndani yake: anayeruhusiwa kusaidia kazi hujiona ni wa nyumba.

Mzee yule hatujamwona tena tumwombe radhi. Lakini tusomapo Mathayo 25, twamkumbuka, kwa kuwa Bwana alisema kwamba mgeni tunayemkaribisha ni yeye mwenyewe. Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, tujiulize: mgeni wetu akiamka usiku wa manane, ataogopa?

Na tuombe. Ee Bwana, uliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni, utufundishe kuwafikiria wanaoona haya kuomba. Amina.